Kahawa Iliyorudishwa Kijikapuni

Nakumbuka jioni moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, na usidhani hasira yake imenitoka. Haijatoka. Jumapili nilipokusikia ukimfokea jirani yetu kwa sababu ya dini yake, tena mbele ya watoto wake, ilipanda upya. Kaa hapo unisikilize.

Ilikuwa kwetu Chonyonyo, miaka ile vita na Uganda vimekwisha. Nilikuwa msichana. Kaka yangu Elieza alikuwa ameokoka juzi tu kwenye mkutano wa injili kule Omurushaka, akarudi nyumbani anawaka, kila anayekutana naye anamhubiria, hadi mbuzi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Jirani yetu Mzee Bitegeko alikuwa hajabatizwa. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kibanda cha mizimu alichoachiwa na baba yake. Siku hiyo alikuja, tukamwamkia shikamoo, mama akamletea kijikapu cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkirimu mgeni. Akachukua punje chache kiganjani. Kisha akamgeukia Elieza, mzee mzima yule, akamuuliza polepole:

"Mwanangu, nikibatizwa, baba yangu nitamwona tena?"

Jamani! Swali hilo alikuwa analala nalo sijui tangu lini. Elieza akaruka juu. "Baba yako mpagani yuko motoni! Na wewe utamfuata, na hicho kibanda chako cha mashetani!"

Mzee alizirudisha zile punje kijikapuni, moja moja, akachukua fimbo yake akaondoka. Kwetu kahawa ya mgeni hairudishwi. Ukiona imerudi, ujue ujirani umekatika.

Mama alisimama. "Elieza! Mzee amekuuliza njia, wewe umempiga jiwe!"

"Nimetetea imani, mama."

"Imani ya nani? Mungu amekupa uhakimu lini? Ungesema, 'Mzee, hilo sijui, lakini ninayemwamini ana huruma,' ungekufa?"

Kesho yake mama alikwenda kuomba radhi, kijikapu mkononi. Mzee alipokea, akatafuna, hata wakacheka. Lakini swali lile hakuliuliza tena. Mama alingoja. Elieza naye, alipopoa, alingoja, akawa anampalilia mzee migomba yake miaka na miaka. Wapi! Mzee Bitegeko tulimzika hajabatizwa, karibu na kibanda kile kile, na hakuna aliyekuwa amethubutu kumgusia swali lile. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ndiyo maana nimekasirika, mwanangu. Sikukatazi kuitetea imani yako. Anayekuuliza mjibu, na anayeikejeli mwambie wazi unachoamini, wala usione haya. Lakini teremsha sauti. Usichokijua sema hukijui. Kuuliza si ujinga, na mtu akija kwako na swali, usimwone kama amekuja na rungu.

Haya, inuka. Kijikapu kile pale, nenda kwa jirani ukaombe radhi kabla jua halijazama. Mungu aupoze ulimi wako bila kuuzima moyo wako, na akujalie mtu atakayethubutu kukuuliza mara ya pili.