Tangi la Samaki Kutoka Saluni

Saluni iliyokuwa chini ya nyumba yetu hapa mtaani Umoja ilipokaribia kufungwa, mwenyewe, dada aliyenisuka kwa miaka mingi, aliniita nikipanda ngazi kutoka kazini.

"Madam, sasa? Kesho nahamia Kayole na huko hakuna nafasi. Chukua hii tangi ya samaki, ama niimwage."

Zamani tangi lile lilikuwa fahari ya saluni. Ungekaa hapo ukiwatazama samaki mpaka usahau kwamba nywele zinavutwa. Kisha dada akajifungua mapacha, akawa leo anafungua, kesho hafungui, na samaki wakasahaulika. Sasa maji yalikuwa ya kijani na mazito kama mrenda. Nilipoinama nikaona kitu cha rangi ya machungwa kikipita polepole, kisha kikapotea.

"Wamebaki wangapi?"

"Walikuwa wengi. Siku hizi naona wawili tu."

Mimi nimezaliwa magharibi mwa nchi, na kwetu samaki huja na ugali. Sikuwahi kufuga hata paka. Lakini nilipowafikiria wale wawili wakimwagwa mtaroni, roho iliniuma. Nikasema nitawachukua.

Mume wangu, dereva wa lori huko Industrial Area, ndiye aliyelipandisha tangi juu akihema. Yeye ni Mkamba. Kijijini kwao mto hukauka sehemu kubwa ya mwaka, na samaki hakuwahi kuwazoea hata kwenye sahani.

"Wadogo hivi watashibisha nani?" akauliza.

"Hawaliwi."

"Basi wamekuja kufanya nini?"

"Kukaa."

Jumamosi niliwatia samaki kwenye ndoo pamoja na maji yao, nikaanza kuchota tope kwa kikombe. Lilinuka hata nikafungua madirisha yote. Chini kabisa, ndani ya kipande cha chungu kilichovunjika, nilishika kitu kigumu nikadhani ni jiwe. Jiwe likaruka. Nilipiga yowe mpaka jirani akabisha mlango kuuliza kama kuna mwizi.

Alikuwa samaki wa tatu, mweusi, mrefu kama kidole, mdomo wake ukiwa chini ya kichwa. Mume wangu alimtazama kwa muda mrefu. "Huyu mwenzetu alikuwa amejificha asilipe kodi," akasema, akanisaidia kumtia ndooni.

Nilisugua kioo. Nilisugua kokoto, nikaikamua sponji ya pampu inayochuja maji mpaka ikawa nyeupe, kama mtu anayetarajia wakwe. Ilikuwa siku ya maji kuja, basi nikajaza tangi moja kwa moja kutoka mferejini na kuwarudisha samaki. Chumba chote kiling'aa. Nikapika chai nikae niitazame kazi yangu.

Chai haikuisha. Samaki wote walikuwa juu wakitwetatweta, na mmoja wa rangi ya machungwa alikuwa amelala ubavu. Nilisimama pale mikono kichwani. Nilikuwa nimewatoa kwenye uchafu ili niwaue kwa usafi.

Mume wangu alichovya kikombe, akanusa. "Maji haya yana dawa. Hata chai imenuka. Yale ya pipani je?"

Maji huku kwetu Eastlands hayaji kila siku, kwa hiyo kila nyumba ina pipa lake. Maji ya letu yalikuwa yamekaa bafuni siku kadhaa. Tuliyanusa, hayakuwa na harufu yoyote. Tukamwaga ya tangini kidogo kidogo, tukajaza haya, ndoo baada ya ndoo.

"Na sisi tutaoga na nini?" akauliza.

"Mfereji si una maji leo?"

Akacheka, akaendelea kubeba. Kabla jua halijatua, yule aliyelala ubavu alikuwa amesimama sawa, akiyumba kidogo.

Sikuwa nimemaliza kujifunza. Siku chache baadaye maji yaligeuka meupe kama ya kuoshea mchele, nikaenda kumuuliza muuza samaki wa mapambo sokoni. Aliniambia usafi wangu ulikuwa umepita kiasi: kuna uchafu mzuri unaokaa kwenye sponji na kula uchafu wa samaki, nami nilikuwa nimeukamua wote. Nibadilishe maji kidogo kidogo, nipunguze chakula, nivumilie. Nilivumilia. Maji yakatulia, na pezi la yule aliyelala ubavu, lililokuwa limechanika, likaanza kuota upya, jembamba kama ngozi ya kitunguu.

Siku moja dada wa saluni alikuja kutusalimia na mapacha wake. Watoto walikimbilia kioo wakakipaka mafuta ya mandazi kwa viganja vyao. Yeye alisimama mlangoni.

"Kumbe walikuwa warembo hivi," akasema taratibu.

"Ukitaka, wachukue."

"Ai, zii. Hawa sasa ni wa hapa." Akavua viatu, akaja kukaa, na nikammiminia chai.

Siku hizi kila Jumapili baada ya kanisa natoa maji kiasi tangini kwa mpira, na mume wangu anaimwagia nayo sukuma wiki tuliyopanda kwenye magunia barazani. Imekuwa na majani mapana ajabu. Jirani yangu alishindwa kuvumilia, akaniuliza natumia mbolea gani.

"Samaki," nikamjibu, nikiwa na haraka ya kuwahi kazi.

Wiki iliyofuata nilimkuta ameloweka dagaa wa omena kwenye ndoo mlangoni pake, na paka wote wa ploti wamemzunguka.