Nyigu Juu ya Mlango wa Nyuma

Mara ya kwanza mume wangu kuumwa na nyigu alikuwa kazini kando ya Ngong Road, akipiga randa ubao wa kitanda cha mteja. Alidhani ni kibanzi kimemchoma. Kabla ubao haujalainika, midomo yake ilikuwa imevimba, vipele vimemjaa kifuani, na pumzi inatoka ikipiga mluzi. Wenzake walimkimbiza hospitali. Daktari aliyemdunga sindano alituketisha, akatueleza polepole: mwili wake sasa unawajua nyigu, na akiumwa tena huenda asifike hospitali akiwa hai.

Majuma machache baadaye, nikianika nguo, niliinua macho nikaona kiota juu ya mlango wetu wa nyuma.

Wacha nikieleze, kwa sababu wengi hukipita bila kukitambua. Mwanzoni huwa kidogo kama kifuniko cha soda, kimening'inia chini ya paa kwa kishina chembamba. Rangi yake ni ya kijivu kwa kuwa nyigu hukwangua mbao kuukuu, huzitafuna zikachanganyika na mate, kisha huzibandika zikakauka kama karatasi yenye vyumba vidogo vidogo. Nyumba zetu za mtaa wa Woodley ni za zamani na mbao za mapaa yake zimechoka, kwa hiyo nyigu hapungukiwi na vifaa vya ujenzi. Ukikiona kiota kingali kidogo na mwenyewe yuko peke yake, kibandue kwa fimbo ndefu asubuhi kukiwa bado na baridi, uende zako. Na ukichelewa usijilaumu, hakuna anayeishi akitazama juu. Mimi nilipokiona kilikuwa kimefika upana wa sahani, na pembeni yake nyigu walikuwa wakiingia na kutoka katika ufa wa ubao, yaani walikuwa na makao mengine darini.

Tulifunga mlango wa nyuma kwa ndani. Nikanunua dawa ya kupuliza pale madukani Adams, nikapuliza hadi mkebe ukaisha. Wachache walianguka, na jua lilipopanda wengine wakatoka darini wakaketi palepale. Nilimwendea mtunza nyumba, akaniambia fundi yuko njiani. Nilimwendea tena, fundi bado alikuwa njiani. Mume wangu alianza kuingia nyumbani amevaa jaketi na kofia ya sufu jua likiwaka. Madirisha hayakufunguliwa. Chakula alikila akikodolea balbu macho, maana nyigu hufuata mwanga.

"Natembea kwangu kama mwizi," aliniambia.

Nami nilikuwa nimeacha kulala vizuri. Kila alipokohoa niliketi kitandani nikamsikiliza kifua.

Wakati huo mama yangu mzazi alikuwa ametoka magharibi kuja kutibiwa macho. Kwetu, mama mkwe na mkwewe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na chumba anacholala mkwe ni mahali ambapo mama mkwe hawezi kukanyaga. Hata kulala katika nyumba yetu asingeweza, kwa hiyo jirani yangu, mama muuza mayai, alimpa kitanda kwake, na mchana mama alishinda kwetu sebuleni. Jirani ni mtu wa Kiambu na jambo hilo lilimchekesha kila siku.

"Shosho, sasa mkikutana kwa korido nani anarudi nyuma?"

"Mwenye adabu," mama alijibu. "Wewe ungebaki umesimama hapo mpaka jioni."

Mama ndiye aliyesema tutumie moshi. Marehemu baba alifuga nyuki, na mama alikuwa amemwona maisha yake yote akiwafukiza na kuvuna asali kwa mikono mitupu. Jirani alikubali upesi, kwa kuwa mtaani kwetu kila mtu huchoma trei za mayai kufukuza mbu, na trei alikuwa nazo tele. Mimi pia nilikubali. Mambo yote mawili tulikuwa tumeyaona yakifanya kazi kwa macho yetu.

Laiti ningejua ninachojua sasa, na nakueleza ili kikufae wewe. Nyuki akinusa moshi hukimbilia asali yake akala akashiba, na akishiba hupoa. Nyigu hana akiba ya asali ya kukimbilia. Moshi kwake ni moto unaokaribia, basi atatafuta tundu lolote lisilo na moshi, na akikutana na mtu njiani atamuuma.

Tulichagua alasiri ya Jumamosi. Mume wangu alijifungia chumbani, tukidhani ndiko salama kuliko nje, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo. Mama alibaki sebuleni. Mimi na jirani tulikuwa uani, tumejifunga leso hadi machoni, trei zikitoa moshi ndani ya karai tulilolining'iniza kwenye mti wa kuanikia. Moshi ulipanda vizuri ukaingia kwenye ule ufa. Tukasubiri watoke.

"Mbona hawatoki?" nikauliza.

"Wanaoga kwanza," jirani akasema.

Ndipo nikamsikia mume wangu akipiga kelele ndani ya nyumba.

Balbu ya chumbani ilining'inia kwenye tundu la dari ambalo fundi wa umeme aliliacha wazi, nasi tulikuwa tumekumbuka milango na madirisha tukalisahau. Nilirukia mlango wa nyuma. Ulikuwa umefungwa kwa ndani, tulivyoufunga wenyewe. Nikakimbia kuzunguka nyumba, na nilipopita chini ya dirisha la chumbani nilimsikia mama akimwita mkwewe mlangoni pa chumba.

"Baba, fungua!"

"Mama, usiingie! Sina shati!" Sauti yake ilikuwa tayari imeanza kukwama.

"Nani amekuuliza shati? Fungua!"

"Mwite... mwite mke wangu."

"Yuko nje! Baba, unataka nimwambie binti yangu nini? Kwamba niliogopa kitanda?"

Nilisikia mlango ukisukumwa na taulo likiburutwa. Nilipofika sebuleni mama alikuwa anatoka chumbani, leso yake imemfunika mkwewe kichwa na mabega, yeye mwenyewe kichwa wazi, nyigu wamemganda shingoni. Alimvuta hadi barazani bila kumtazama usoni. Kisha akaenda akasimama mbali kwenye ua wa michongoma, akatugeuzia mgongo, akaanza kujitoa nyigu mmoja mmoja.

Mume wa jirani alituwekea gari mlangoni. Njia nzima nilimshika mume wangu kidevu kikiwa juu, nikimwambia avute pumzi, moja tena, hivyo hivyo, na nyingine. Nilisema kwa upole kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea, na ndani yangu nilikuwa nimeshaanza kuomboleza. Macho yake yalikuwa yamefungwa kwa uvimbe. Karibu na hospitali aliacha kunibana mkono. Wauguzi walimpokea mlangoni wakamdunga pajani hapo hapo, juu ya suruali.

Alirudi. Sijui neno lingine. Mluzi ulipungua, vidole vikapata joto. Daktari aliniambia asirudi katika nyumba ile hadi asibaki nyigu hata mmoja, nami nikampeleka kwa mwenzake wa kazini anayekaa Jamhuri.

Kesho yake, kabla ya jua, kukiwa na ile baridi ya kukata mikono, nilipanda meza nikakivisha kile kiota gunia, nikakikata kishina, nikafunga, nikatumbukiza kwenye pipa la maji. Nyigu walikuwa wamekufa ganzi, hawakuinua hata bawa. Kazi hiyo unaweza kuifanya, ndugu yangu. Ni asubuhi tu inayotakiwa, na mikono isiyo na haraka. Kisha nikaziba tundu la balbu kwa gundi na kibao.

Mama alikuja kutoka kwa jirani shingo imevimba. Hakuuliza mkwewe alisema nini. Aliuliza tu kama amekula.

Saa ya chai ya asubuhi simu ililia.

"Umewatoa?" Sauti ya mume wangu bado ilikuwa nzito.

"Kiota cha nje nimekitoa."

"Basi nakuja. Sitaki kulala kwa watu tena."

Nilitaka sana aje. Nilipanda kitanda, nikaegemeza sikio kwenye dari, simu mkononi. Jua lilikuwa limeanza kupasha moto mabati ya paa, na juu ya kile kibao nilichobandika nikasikia mkwaruzo mdogo, kisha mwingine, kisha mngurumo wa mabawa yanayopata moto.

"Uko?" akauliza.

"Niko," nikamwambia. "Usije. Bado wamo."