Waya wa Bafuni

Mtaani walimwita Mama Testa, kwa kuwa ile bisibisi ya kupimia umeme haikumtoka mkobani hata akienda harusini. Alikuwa mjane wa fundi umeme, na ufundi wenyewe alijifunza baada ya kufiwa, kwa hasira tupu. Mumewe alikufa bafuni kwa daktari mmoja, mkono ukiwa kwenye hita ya maji aliyoifunga na bosi wake wiki ileile. Hita haikuwa na waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano unaoubeba umeme uliopotea njia usimpitie mtu. Bosi huyo, aliyejulikana kama Koleo, alisimama msibani akasema marehemu alisahau kuuweka. Waombolezaji wakaamini. Mjane hakuamini, na kwa miaka kumi na minne alimwekea Koleo kisasi kama watu wanavyotunza nguo ya kutokea.

Kisha mwalimu mmoja mstaafu akamwita amkagulie nyumba kuukuu.

"Umeme wa nyumba za zamani naogopa kuliko nyoka," mwalimu alisema. "Rangi mpya inaficha mengi. Ukisema hapana, sinunui."

Mwenye nyumba alikuwa Koleo! Miguu ilikuwa imemwisha nguvu, anauza ahamie kwa binti yake. Mama Testa akajiambia: leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Walimkuta sebuleni, binti kasimama nyuma ya kiti chake. Koleo alipomtambua fundi alijikaza kiume.

"Kagua tu, shemeji. Nyumba yangu haina aibu."

"Nitakagua mpaka ujute."

Akakagua kwa uchu. Alifungua soketi moja baada ya nyingine, akitafuta maungio yaliyofungwa utepe tu, au soketi ya matundu matatu iliyowekewa waya mbili, maana nyumba kuukuu ndivyo zinavyodanganya wanunuzi. Hakupata kitu. Kila soketi ilikuwa na waya wake wa ardhi, umekazwa barabara. Jikoni vivyo hivyo. Ungedhani kaibiwa, jinsi alivyokasirika. Akawaza kuandika uongo, nani angejua?

Ilibaki swichi kuu. Alipofungua kifuniko, aliona waya mmoja wa ardhi umezungushiwa karatasi ya gundi iliyogeuka rangi ya chai. Iliandikwa: "Bafu, kwa daktari." Mwandiko ulikuwa wa Mama Testa mwenyewe. Mumewe aliandika kama kuku anayeparua, kwa hiyo kila alipopima waya za kazi nyumbani, mkewe ndiye aliyeandika vibandiko.

Mafundi wana kawaida yao: mabaki ni ya fundi. Kipande kinachosalia kazini hakirudi kwa mwenye nyumba. Koleo hakungoja mabaki yapatikane. Mwaka ule alikuwa anabadilisha waya zote za nyumba hii.

Mama Testa alikibandua kile kibandiko akarudi sebuleni, akakiweka mkononi mwa Koleo.

"Soma."

Koleo alisoma, akanywea. "Shemeji, nilisema nitanunua mwingine Jumatatu. Sikujua mumeo ataiwasha hita kabla."

"Na msibani ukamsingizia maiti."

"Nisamehe."

"Sikusamehi. Si leo, si kesho."

Binti akaichukua ile karatasi. "Baba, si uliniambia yule fundi alikuwa mlevi?"

Mwalimu, aliyekuja kununua nyumba akajikuta katikati ya matanga, aliuliza kwa sauti ndogo, "Fundi, kwa hiyo ni hapana?"

Koleo alifumba macho. Neno moja tu, na mzee angebaki na nyumba yake mpaka kaburini. Lilikuwa limemjaa Mama Testa mdomoni.

"Nunua," alisema. "Nyumba hii haitakuua. Waya alioupima mume wangu uko kazini."

Akatia saini. Binti alikuwa ameshachukua mkoba wake.

"Hela utapata, Baba. Kwangu usije."

Koleo alimwita binti mara mbili, mara ya pili kwa jina lake la utotoni. Mama Testa alisimama mlangoni akazisikiliza zote mbili, ndipo akaenda zake.