Kungwi Alimjibia Bibi Harusi

Jamani, hasira zangu bado hazijapoa. Nilikuwa saluni moja ya hapa Majengo, nimempakata mwanangu wa kike, na mbele yetu bibi harusi amelazwa atolewe vinyweleo vya usoni kwa nta ya moto. Fundi akamuuliza, “Mdogo wangu, kuna dawa unapaka usoni?”

Binti akafumbua mdomo. Kungwi wake akamdakia: “Mwali hajibu! Hapaki kitu, uso huo wa kuzaliwa.”

Fundi akampaka nta juu ya mdomo. Binti akachomoa tyubu kwenye mkoba, akanionesha mimi niliyekaa jirani. Krimu ya chunusi ya hospitali, ileile niliyowahi kuandikiwa, na daktari akanionya kwamba inaidhoofisha ngozi, nisiguswe na nta wala kuchubuliwa uso kabla sijamuuliza. Nikapiga kelele, “Dada, acha!” Nta ilikuwa imeshavutwa, na ngozi ya juu ya mdomo imetoka nayo.

“Poda itafunika,” kungwi akasema.

Mwanangu akaanza kulia. Nami nilifundwa, unyago nauheshimu. Lakini huyo aliyejibu, mbona hakuumia yeye? Binti yangu akiulizwa habari za ngozi yake atajibu mwenyewe, kungwi na anune.