Abiria Aliyekaa Juu ya Brekdauni

Haya ntakayokusimulia hayakumfika jirani yangu wala rafiki wa rafiki yangu. Yamenifika mie mwenyewe, mchana, sijalala, sijachoka. Ukitaka amini, hutaki basi, lakini usije ukanambia ni jua. Jua la Oman nimelijua kabla wewe hujaota meno.

Skuli sikufika mbali. Niliondoka Unguja ningali kijana, nikashuka Maskati sina hata mtu wa kunipokea. Leo muulize yeyote pale Amerat nani mwenye brekdauni, watakuonesha nyumba yangu. Brekdauni ni zile gari ndefu zenye kitanda cha chuma nyuma: unakiinamisha, unaivuta gari mbovu kwa winchi mpaka ipande, unaifunga minyororo, unaondoka. Ya kwanza niliinunua haitembei, nikaifufua kwa mikono yangu hii. Wakubwa wa Madinat Sultan Qaboos, na shahada zao ukutani, gari ikiwazimikia barabarani wanampigia nani? Mie.

Sasa kuna njia ile ya Salala, inayoshuka kusini moja kwa moja. Ukishaupita mji wa Adam milima inakwisha na hakuna tena kitu. Usidhani ni vilima vya mchanga kama vya kwenye picha. Ni uwanda mtupu wa changarawe, bapa kama sinia, kutwa nzima. Mara moja moja utaona vijumba vya Wabeduwi, msikiti, kituo cha petroli, mkahawa wa Mhindi, ngamia wawili watatu, halafu uwanda tena. Unakwenda na unaona kama huendi. Miguu inawasha, macho yanatafuta pa kutua hayapati. Mie kila nikirudi kutoka njia ile silali. Nalala kitandani kwangu na mwili bado unajongea.

Safari hiyo nilikuwa na Nassor, ndugu wa mke wangu. Mkewe Nassor, Zuwena, alikufa njia hiyohiyo, wakati wa kharifu, watu wanapokwenda Salala kutazama mvua. Walikuwa waende pamoja. Kazi ikamshika Nassor, akamwambia, tangulia, mie ntakuja na ndege. Zuwena akaendesha mwenyewe. Lori likamjia upande wake likiwa linampita mwenzake, bas. Tangu siku hiyo Nassor akawa mtu wa kukaa sebuleni kutazama feni. Mke wangu alinambia, "Mchukue ukitoka, bwana, lakini njia ile usimpeleke." Nikamwambia niachie mie, watu nawajua: apite pale, alie, yamwishe. Tukaenda Salala, nikashusha gari ya mtu, tukageuza kurudi. Mpaka hapo mambo mazuri, hata alikuwa akicheka.

Tuliupita mji wa Haima, katikati ya uwanda, baada ya alasiri. Vumbi lilikuwa juu na jua limekuwa jeupe kama sahani. Nassor kalala, kajifunika uso kwa kilemba chake. Nikaona kando ya njia gari ndogo, saluni nyeupe, boneti juu. Nikasimama, nikashuka peke yangu.

Ndani, kiti cha nyuma, kakaa mwanamke kavaa barakoa, ile ya Kibeduwi inayoziba uso ikaacha macho. Nikainamisha macho yangu, maana adabu n'nayo. Nikamsalimu kwa Kiarabu.

"Waalaykumu salaam," akasema. "Gari imenizimikia, kaka. Nichukue."

"Uko peke yako?"

"Namngoja mume wangu. Anakuja."

Nikamwambia ashuke akae mbele na sisi. Akatikisa kichwa. "Siwezi kukaa na wanaume. Niache humuhumu."

Sheria ya kazi yetu ni moja: mtu hakai ndani ya gari iliyopandishwa. Lakini mwanamke, peke yake, kwenye uwanda ule, na haya zake, utambishia? Nikaifunga boneti, nikampandisha yeye na gari yake. Winchi haikutoa hata mlio. Nikaisifu, maana niliichagua mwenyewe. Nikaingia ndani najiona mtu mwema hasa.

Nassor akaamka. "Umebeba nini?"

"Mbeduwi wa watu, kaharibikiwa. Kakataa kushuka."

"Anakwenda wapi?"

"Sikumuuliza. Anamngoja mumewe."

"Kakwambia hivyo kwa Kibeduwi, na wewe ukafahamu?" Akacheka. "Yakhe, wewe jana pale petroli mzee kakuuliza habari za njia, ukamjibu mkeo hajambo!"

Nikacheka na mie. Nikafungua mdomo nimjibu, ndipo yakanijia.

Hakunambia kwa Kibeduwi. Hakunambia kwa Kiarabu chochote. Nilimsalimu kwa Kiarabu, akaitikia, kisha akanambia kwa Kiswahili cha Unguja, na mie nikaendelea naye kwa Kiswahili kama niko barazani kwangu.

Utanielewa ukiwa mtu wa kwetu. Nyumbani neno tunalianza kwa Kiarabu tunalimalizia kwa Kiswahili, sikio halishtuki. Lakini kuna jambo hatulikosi. Tukikutana na anayesema lugha yetu mahali pa mbali, cha kwanza ni: nyie wa nani? Wa Unguja au wa Pemba? Mama yako nani? Kabla chai haijapoa mshakuwa ndugu. Mie sikumuuliza hata moja. Kwa nini? Mpaka leo sijui kilichonifunga.

"Kiswahili," nikamwambia Nassor. "Kasema Kiswahili."

Nassor akaacha kucheka. Akageuka, akatazama kwa kidirisha cha nyuma. Na mie nikatazama kwenye kioo.

Kiti cha nyuma hayupo. Alikuwa kahamia mbele, kiti cha abiria, na barakoa kaivua. Sikwambii alifanana na Zuwena. Nakwambia alikuwa Zuwena. Nimekula biriani ya mkono wake, mie nitamkosea? Akanyoosha mkono akawa anakipangusa kiti cha dereva, taratibu, kama unavyompangusia mgeni mahali pa kukaa.

"Simama," akasema Nassor. Hakupiga kelele.

"Sisimami."

"Simama, shemeji. Kaniwekea nafasi."

Mkono wake ukaenda mlangoni. Niliwahi kubonya kufuli, na mkono mwingine nikamkamata ukosi wa kanzu. Sasa fikiria: gari ndefu ile, mbio, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mtu mzima anayepigana na mlango.

"Yule kafa, Nassor!"

"Najua kafa! Nani kakwambia sijui?" Akaanza kulia. "Niache nimsalimu tu. Mie sikumuaga. Nilikuwa kwenye simu, nikampungia mkono tu, sikumuaga."

Ungefanyaje? Nikisimama anapanda, na akipanda najua hashuki. Nisiposimama, taa ya petroli ishawaka. Nikasoma Ayatul Kursiy, nakosea narudia, nakosea narudia, maana hata chuoni kwa Kurani nilikuwa wa kwanza kutoroka. Na uwanda haubadiliki! Kila nikitazama mbele ni palepale, na kila nikitazama kioo yuleyule anapangusa kiti. Hakuwa na hasira. Hakutisha. Angetisha ningejua la kufanya. Alikuwa anangoja tu, kama mke anayemngoja mumewe atoke dukani.

Nilipoona mnara wa msikiti nilipiga honi kutoka mbali kabisa. Watu walikuwa wanakwenda kusali magharibi. Niliingia uwanja wa petroli nusura nigonge pampu, nikawapigia kelele kwa Kiarabu, mshikeni huyu, mgonjwa! Walimtoa wanaume watatu, naye anawaburura.

Nikapanda juu. Peke yangu nilipanda, hilo uliandike, nikafungua mlango wa saluni. Hamna mtu. Vumbi limejaa viti vyote, nene kama unga wa ngano, kama gari isiyokaliwa siku nyingi. Kiti cha dereva peke yake ndicho kisafi, kinang'aa. Na kilikuwa kimerudishwa nyuma mpaka mwisho. Zuwena alikuwa mfupi, ananifika begani. Nassor ndiye mwenye miguu mirefu.

Saluni ile niliwakabidhi polisi, na mwenyewe hajatokea. Tulipofika Amerat, mlango wazi, mguu mmoja chini, Nassor akanambia, "Umenikosesha kumuaga mke wangu." Akaenda zake. Nyumbani kwangu hajatia mguu tena.

Mke wangu siku moja ananibusu mkono, ananambia umeniokolea ndugu yangu. Siku nyingine ananigeuzia mgongo: ungeshindwa nini kumshika mkono, amuage, ukamshusha? Namwambia nilifanya sawa. Nakwambia na wewe, nilifanya sawa. Lakini mie, niliyekuwa sikatai kazi, kazi za Haima siku hizi nawapa madereva, na nawaapisha: mtu asipandishwe na gari, hata akiwa mama yako mzazi.

Nassor kanunua gari. Saluni, nyeupe. Kila Ijumaa akishasali anashika njia ya kusini, peke yake, polepole, na kiti cha abiria kakitandikia msala mpya wa kusalia. Tumemficha funguo, akakodi nyingine. Tumemletea shekhe, akamkirimu kahawa na halua, kisha akamwacha palepale akaenda zake kusini.

Basi nakuonya. Mtu aliyekwama uwandani msaidie, hilo ni la wajibu. Lakini akikujibu kwa lugha ya nyumbani kwenu, muulize yeye wa nani, na mguu usiutoe kwenye gari yako mpaka akwambie. Na mwenye msiba wake juu ya njia ile usimpitishe pale ukidhani unamtibu, kama nilivyodhani mie ninayejua watu. Shemeji yangu nimemwokoa, wallahi nimemwokoa, na kila Ijumaa nakaa na simu mkononi mpaka alfajiri, nangoja mtu anambie kama kaokoka.