Kidonge cha Pili cha Placide

Prudensia alikuwa na sentensi moja aliyoamini haina kasoro: "Meza kidonge kimoja mara mbili kwa siku, pamoja na chakula." Aliitafsiri kutoka Kiingereza miaka minne iliyopita, mezani jikoni kwake Pearland, na tangu hapo ilibandikwa kwenye chupa za dawa za watu asiowajua, kuanzia Houston hadi Dallas. Wako wanaojivunia maua waliyopanda. Yeye alikuwa na sentensi hiyo.

Jumanne moja asubuhi, kliniki ya Mesquite, kando ya Dallas, ilimpigia simu awe mkalimani. Mgonjwa alikuwa Placide, Mkongo wa Uvira, mpakiaji wa mizigo ghalani zamu ya usiku. Alikuja na mkewe, Clothilde. Daktari alisema sukari haijashuka kwa miezi mitatu. Pengine mzee huyu hamezi dawa. Kama ndivyo ilivyo, leo aanze sindano ya insulini.

Prudensia akatafsiri.

"Baba yangu alipoanza sindano, hakuinuka tena kitandani," Placide akasema. "Dawa nakunywaka, mama. Sijaruka hata siku moja."

"Hajaruka," Clothilde akadakia. "Ni miye namupatiaka, na bugali na mboga ya sombe. Bila miye, huyu angesahau hata viatu."

Prudensia akamwomba daktari ruhusa ya kuuliza swali moja.

"Kaka, kwa siku unakula mara ngapi?"

"Moja. Nikitoka ku kazi asubuhi, nakula, nalala. Tangu kambi ya wakimbizi iko hivyo. Tumbo lilishazoea."

"Na kidonge cha pili?"

"Kinangojea chakula cha pili," Placide akajibu, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto. "Si muliandika wenyewe?"

Prudensia akaitambua sentensi yake. Hakuna neno lililokosewa. Ila alipoiandika, aliyekuwa mbele ya macho yake ni mtu anayekaa mezani asubuhi na jioni, kama walivyokaa kwa mama yake Bukoba. Placide hakuwa kwenye meza hiyo. Daktari alikuwa akisubiri, na mkalimani hasemi ya kwake. Akatafsiri yote aliyoyasikia, kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Maelekezo hayo niliyaandika mimi."

Daktari akaahirisha sindano. Tujaribu miezi mitatu, akasema. Je, hawezi kula kitu kidogo kabla ya kwenda kazini?

"Mkate ataweza," Clothilde akasema. "Nitamusimamia mlangoni."

Wiki hiyo Prudensia aliiandikia kliniki, na mfamasia wao akakubali maneno mapya: "Meza kidonge kimoja na chakula chako kikubwa. Yakipita masaa kumi na mawili, kula chochote, hata mkate, umeze kingine." Ilikuwa sentensi ndefu, inayochechemea. Aliisoma mara kadhaa akaiacha hivyo hivyo.

Miezi mitatu ikapita, simu ikalia tena kutoka Mesquite. Sukari ilikuwa imeshuka. Hakuna sindano.

"Umwambie daktari," Placide akasema, "mke wangu ananilisha mara mbili sasa. Suruali ya kazi imeanza kunibana."

"Ni mkate tu huo," Clothilde akasema. "Asinisingizie."

Prudensia akamtafsiria daktari yote, neno kwa neno, pamoja na suruali.