Nyuma ya Picha ya Dakota

Akina mama wa kanisa walikuja nyumbani siku ya Jumatatu. Walikuwa wanne, na walikaa sebuleni bila kuvua sweta kwa sababu baridi ya mwezi wa saba hapa Eldoret haina huruma. Walikuja kwa jambo jema. Mke wangu alikuwa anaacha kufundisha watoto wa shule ya Jumapili, kazi aliyoianza kabla mchungaji wetu wa sasa hajazaliwa, nao walitaka kumfanyia ibada ya shukrani. Wangebandika ukutani picha zake tangu ujana, ili watoto wamwone mwalimu wao alivyokuwa.

"Za simu tunazo," mwenyekiti wao akasema. "Tunataka zile za zamani. Na kwa nyumba hii hatuwezi kukosa, Mzee ndiye mpiga picha."

"Njooni Alhamisi," nikamjibu. "Mtapewa mpaka mchoke."

Mke wangu alikuwa anamimina chai. Alinitazama mara moja, akarudi kwa vikombe. Mwenyekiti akamtania, "Mama, usituambie ulikuwa unavaa sketi fupi." Wote wakacheka, naye akacheka kidogo.

Mimi si mpiga picha wa watu. Maisha yangu yote nimepiga picha za ndege, hasa zile kuukuu za propela ambazo vijana wa leo hawajawahi kuzisikia zikinguruma. Nilifika Eldoret nikitoka magharibi, kijana asiye na kitu, nikapata kazi ya ukarani katika ghala la ngano. Jumamosi ya kwanza nikaona ndege ndogo ikinyunyizia mashamba dawa, ikishuka mpaka masuke yakalala. Niliifuata kwa baiskeli hadi uwanja mdogo wa ndege. Sikumwomba Mungu jambo hilo, lakini nililipokea kama zawadi yake, na nimemshukuru kwa ajili yake kila mwaka.

Pale uwanjani palikuwa na fundi mmoja wa injini, mzee mwenye mikono myeusi kwa oili, ambaye alinifundisha kupiga picha. Alisema jua liwe mgongoni mwako, mabawa yote mawili yaingie, herufi za usajili zisomeke, na pasiwe na mtu. "Mtu akiingia," aliniambia, "hiyo si picha ya ndege tena. Ni picha ya mtu."

Nililishika neno hilo kama amri. Nilipooa, tukaishi katika chumba kimoja cha kupanga mtaani Huruma, mke wangu akawa anakuja nami uwanjani kila Jumamosi. Alishika mwavuli ili mwanga usiingie kwenye lenzi. Alishika kofia yangu. Aliandika herufi za kila ndege kwenye daftari, kwa kuwa mimi sikuweza kuandika na kupiga kwa wakati mmoja. Filamu ikishaoshwa studio, yeye ndiye aliyeandika nyuma ya kila picha, maana mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, kisha akazipanga katika albamu. Na kila nilipoinua kamera nilimwambia, "Songa kidogo, Mama." Alisonga.

Jumanne, alipokuwa sokoni, nilizishusha albamu zote kumi na moja. Nilianza kwa furaha. Kufikia albamu ya nne, furaha ilikuwa imekwisha. Kufikia ya kumi na moja, nilikuwa nimekaa sakafuni kama mtu aliyeanguka. Nilipata ncha ya mwavuli. Nilipata kivuli chenye kitambaa kichwani, kimelala juu ya nyasi. Nilipata kiwiko kimoja, nacho nilikikumbuka, kwa kuwa nilikasirika wakati ule kwamba kimeharibu picha. Mke wangu mwenyewe hakuwemo. Picha yetu ya harusi iliharibiwa na mvua paa lilipovuja kule Huruma, na nilikuwa nimesema, bila wasiwasi, kwamba tutapiga nyingine.

Nikajaribu njia nyingine. Pengine ningepata tarehe nyuma ya picha, nikumbuke siku ambayo mtu mwingine alikuwa na kamera pale. Nikabandua picha ya kwanza, nikaigeuza.

Kulikuwa na tarehe. Kulikuwa na herufi za ndege. Chini yake, kwa maandishi madogo: *Mvua imetunyeshea. Amefurahi sana.*

Nikageuza nyingine. *Mtoto amepiga teke leo mara ya kwanza, injini ilipowaka.* Nyingine tena. *Tulimzika mama yangu wiki jana. Sijui kwa nini niko hapa.*

Picha hizi nilizijua kama ninavyozijua zaburi. Ningeweza kukuambia ni ipi ilipigwa kwa filamu gani na mawingu yalikuwa upande gani. Lakini sikuwahi kuzigeuza nisome nyuma, kwa sababu ndege iko mbele.

Ndipo nikainuka, nikaenda ukutani sebuleni, nikaishusha picha ya Dakota.

Hiyo ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Ndege ya propela mbili aina ya Dakota, bati lake likimeta kama fedha, halijapakwa rangi, iliyotua hapa mara moja tu, ikapaa siku hiyo hiyo. Imetundikwa juu ya kochi tangu tulipopata ukuta wa kutundikia kitu. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekaa chini yake. Nami nimeisimulia kanisani mara nyingi, kwa sababu jioni ya siku hiyo mimba yetu ya kwanza iliharibika. Nilikuwa nikishuhudia hivi: kwamba asubuhi Mungu alinipa nilichokitamani na jioni akachukua nilichokipenda, nami nikajifunza subira. Watu waliitikia amina. Mke wangu alikuwa akikaa benchi la tatu.

Niling'oa misumari ya fremu kwa kisu cha jikoni. Nyuma ya Dakota kulikuwa na tarehe, herufi, na maneno haya: *Damu imeanza saa nne. Amesema tungoje ipae.*

Nakumbuka nilijaribu kuomba na sikupata neno hata moja, mimi ninayeitwa kila mahali kuombea watu. Mlango ulipofunguka, mke wangu alipita moja kwa moja hadi jikoni na mboga zake. Nilimfuata nikiwa na picha mkononi. Alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, anachambua kunde.

"Hii uliandika wewe?"

Akaitazama. "Kuna mwandiko wa nani mwingine hapa?"

"Saa nne?"

"Saa nne."

"Na ndege ilipaa saa saba."

"Saa saba na nusu," akasema. "Ilichelewa."

Nikakaa juu ya ndoo ya maji iliyokuwa na kifuniko. Nilikumbuka kwamba baada ya hapo nilimpeleka nyumbani kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, njia nzima ya mawe, na nilikuwa naimba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia twende nyumbani. Ukasema tungoje. Nikakuambia mara ya pili, ukasema nisonge kidogo, kivuli changu kimeingia kwa bawa." Hakuwa na hasira. Alikuwa anaendelea na kunde. "Nilikuwa msichana. Kulikuwa na wanaume pale, sikujua nitasema vipi. Picha ilipotoka studio nikaiandika nyuma, nikakuwekea mezani maandishi yakiwa juu. Ukaichukua. Ukaipeleka kwa fundi wa vioo. Ukaitundika."

"Niliigeuza nione ndege," nikasema. "Sikusoma."

Mikono yake ikasimama.

"Hukusoma?"

"Nimesoma leo."

Alinitazama, na usoni mwake niliona kwamba sasa aliyeshtuka ni yeye.

"Baba," akasema, "mimi nilijua ulisoma. Miaka yote. Nilijua ulisoma ukaamua kunyamaza, na bado ukasimama kanisani ukaisimulia. Nilikuwa napangusa vumbi kwa hiyo picha najua wewe unajua. Nilikusamehe kwa hilo. Ilinichukua miaka mingi, lakini nilikusamehe kabisa."

"Na sasa?"

"Sasa sijui nilikuwa nasamehe nini."

Akarudi kwa kunde zake. Chakula kilipokuwa tayari aliniambia niombe, kama kawaida. Nikamwambia siwezi. Akaweka kijiko chini, akashukuru kwa maneno machache, akasema amina, tukala.

Jumatano asubuhi yeye ndiye aliyeanza.

"Kesho utawaambia nini wale akina mama?"

"Ukweli. Kwamba sina picha yako hata moja."

"Watacheka."

"Wacheke."

"Watanicheka mimi," akasema. "Wewe watakuonea huruma."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwomba twende naye uwanja ule mdogo, nimpige picha pale pale alipokuwa akisimama. Alikataa. Alisema miguu yake imeshamaliza kazi ya uwanja, na kwamba picha ya bibi kizee si picha ya ujana. Nikamwambia najua. Nikamwambia sina namna ya kuirudisha hiyo ya ujana, ninayo hii tu. Nikangoja. Kungoja ninakujua, lakini safari hii sikuwa nangoja ndege. Karibu saa tano nilimwona akiuchukua mwavuli nyuma ya mlango.

Uwanjani kuna ndege kuukuu iliyoachwa kwenye nyasi, magurudumu hayana upepo, ndege wa angani wamejenga viota ndani ya injini. Nimeipiga picha mara nyingi. Askari wa langoni ananijua, akatufungulia, akatufuata hadi pale. Nilijipanga jua likiwa mgongoni, na nilipoinua kamera, mke wangu hakuwepo mbele. Alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, upande wa kushoto, na mwavuli umeshafunguliwa juu ya lenzi.

Nilimshika mkono nikampeleka mbele ya ndege.

"Utakata bawa," akasema.

"Acha likatwe."

Hakujua asimame vipi. Aliushika mwavuli kwa mikono miwili kama mtu anayelinda duka. Askari akamwambia, "Tabasamu, Mama, hiyo ndege haiendi mahali." Akageuka kumjibu, na hapo ndipo nilipobonyeza. Bawa moja limekatika. Jicho lake moja limefumba nusu, na mdomo uko wazi. Fundi wangu wa zamani angeitupa.

Tulipitia mjini ikachapishwa. Nyumbani niliiweka mezani na kalamu ya biro kando yake, kama tulivyofanya siku zote, ili aandike. Akaisukuma kalamu upande wangu.

"Andika wewe."

Niliandika tarehe. Niliandika kwamba kulikuwa na baridi na mawingu membamba. Kisha nikaandika kwamba siku ya Dakota mke wangu alivuja damu kando yangu tangu saa nne hadi saa saba na nusu, kwamba aliniomba mara mbili nimpeleke nyumbani, na kwamba ushuhuda nilioutoa kanisani kuhusu siku hiyo haukuwa kweli, kwa sababu aliyekuwa na subira hakuwa mimi.

Alivaa miwani, akasoma polepole, kidole chake kikifuata mistari.

"Hujaandika herufi za ndege," akasema.

"Umezifunika wewe."

"Basi ungeniambia nisonge."

Akavua miwani. Akaiweka picha mezani, upande ambao mwenyekiti wa akina mama angekaa kesho, maandishi yakiwa juu.